Naomba ushauri: ombi kwanza au maandamano?

Wakuu, tunapinga ada mpya za soko katika Mswada wa Fedha wa kaunti. Ombi kwa karani wa bunge la kaunti ni rahisi kuandika, ila linaweza kulala kwenye kamati hadi mswada upite. Maandamano yanahitaji notisi kwa OCS (mkuu wa kituo cha polisi) siku 3 hadi 14 kabla, yenye jina na anwani ya mwandalizi, tarehe, saa na njia. Juni 2024 wabunge wa Kenya walipitisha Mswada wa Fedha wa taifa tarehe 25. Kesho yake, kwa shinikizo la barabarani, Rais akakataa kuutia saini. Lakini Desemba baadhi ya kodi zilirudi kupitia sheria nyingine! Je, tuwasilishe ombi sasa, notisi ifuate kabla mswada haujasomwa mara ya tatu? Na notisi aisaini nani, maana wa kwanza kutafutwa ni yeye?