Grupu la familia: Jumamosi kwa watoto Lanet

Anti wa Free Area: Wapendwa habari za jioni. Jumamosi tunaenda tena kwa watoto wa makao kule Lanet, saa tatu tuwe tumefika maana saa sita wanakula na matroni hapendi ratiba ivurugwe. Nani anakuja?

Kaka: Mimi nakuja, nabeba maharagwe ya hesabu

Baba Mdogo (Nairobi): Mimi nilikuwa naona tungoje Desemba tuende wote mara moja, tununue keki kubwa na tisheti, tupige picha tuweke kwa stetasi watu waone wachange

Anti wa Free Area: Baba Mdogo asante kwa huo moyo, lakini sikiza. Desemba wale watoto hupata wageni mpaka wanachoka, leo keki kesho keki, halafu ikifika Februari hata mtu mmoja hapiti. Wanataka mtu wanamjua na anarudi. Kuna yule kijana wa gredi ya nne Kaka anamfunza kugawanya, juzi nimempata ameacha ukurasa mzima kwa daftari hajaandika kitu, juu ameweka tu na penseli "ya Kaka", na amekataa mtu yeyote aguse hapo mpaka Kaka aje. Sasa huyo tumwambie angoje Desemba?

Kaka: Na ni mkali kwa hesabu, ni vile alihamishwa hamishwa shule akapitwa na tebo za kuzidisha. Tukipanga maharagwe mafungu saba saba anashika haraka sana

Mama: Na picha tusahau kabisa. Wengine kesi zao bado ziko kortini, wengine walitolewa kwa mtu aliyekuwa anawaumiza, ukiweka sura ya mtoto kwa stetasi umemwonyesha huyo mtu mahali yuko

Baba Mdogo (Nairobi): Sawa hapo nimeelewa. Basi hizo pesa za keki ziende wapi?

Anti wa Free Area: Matroni anasema unga na maharagwe watu wanaleta. Kinakosa ni pedi, chupi mpya, na nauli ya kutafuta jamaa za watoto. Tangu Sheria ya Watoto ya 2022, na ule mpango wa serikali unaofika 2032, mtoto hafai kukulia kwa makao mpaka awe mtu mzima, anafaa arudishwe kwa wazazi ama jamaa, na ikishindikana familia nyingine imchukue. Sasa kuna msichana hapo shangazi yake amepatikana upande wa Busia, lakini lazima mtu aende aone nyumba, aongee na huyo shangazi na afisa wa watoto wa kule, huwezi kumpakia mtoto kwa matatu hivi hivi. Kwangu hiyo nauli inashinda keki mbali sana

Dada: Mimi nitasuka matuta kama kawaida. Mtu aninunulie vitana, kila mtoto awe na chake, mashilingi, ile choa ya kichwa, imeanza kuonekana kwa wale wadogo na tukitumia kitana kimoja tutaisambaza wote

Mama: Vitana nanunua kesho nikipita soko

Dada: Shosho yuko hapa anasema niandike. Anakuja na nyuzi na sindano, kuna wasichana walimwomba awafunze kufuma vitambaa vya viti, na anauliza kama atapata kiti cha kuegemea mgongo

Anti wa Free Area: Mwambie kiti kipo Shosho 🙏🏾 Na wale mnakuja mara ya kwanza Jumamosi, cheti cha tabia njema mkuje nacho, unaomba kwa eCitizen kisha unaenda alama za vidole. Ambaye hana bado angoje tu, matroni hamruhusu na mimi namuunga mkono. Na tafadhali msiahidi mtoto kitu. Usimwambie utampeleka kwenu likizo kama hujaongea na mtu, atafunga nguo akae kwa geti akikungoja

Kaka: Tukutane steji ya Free Area saa mbili na nusu

Baba Mdogo (Nairobi): Anti nimetuma 5,000. Uliza kama inatosha mtu kufika Busia na kurudi, isipotosha niambie kabla ya Ijumaa niongeze

Anti wa Free Area: Imeingia. Wacha nimpigie matroni saa hii kabla hajalala