Mrejesho: picha niliyomuenzi Clara Peeters

Wakuu, niliwauliza nimuenzi vipi Clara Peeters, mchoraji wa kike wa karne ya 17 kutoka Flanders (sehemu ya Ubelgiji ya leo), bila kunakili picha zake za meza zenye jibini na samaki. Picha imekamilika. Nilichochukua ni ujanja wake tu: kwenye picha ya 1611 iliyopo makumbusho ya Prado, Madrid, amejichora mara kadhaa, mdogo kabisa, ndani ya mng'ao wa kikombe na jagi. Mimi nimechora birika la stili, kijiko na simu iliyozimwa. Uso wangu umo kwenye vyote. Birika lilinitoa jasho: pua inavimba, masikio yanakimbilia pembeni. Aliyenishauri nianze na kijivu, nyeupe niiweke mwishoni, ahsante sana. Mama kaitazama weee, kaona birika tu.