Simu ilijiapdeti usiku, sasa meseji za wazazi sizipati mpaka niifungue

DerevaWaAlfajiri

Asalaam aleikum jamaa. Mwenzenu simu yanitia wazimu. Mwenye ujuzi anisaidie kabla sijaitupa majini pale daraja la Nyali.

Mie naendesha gari la watoto wa shule. Ninao kumi na watatu. Wa kwanza namchukua Kiembeni saa kumi na moja na nusu alfajiri, wa mwisho Kongowea, kisha tunavuka daraja kabla foleni haijakaza. Wazazi wote nawasiliana nao kwa WhatsApp. Mtoto akiwa na homa, mzazi huandika usiku. Mie nikiamka kuswali natupa jicho kwenye skrini, hata siifungui. Kama hamna kitu pale juu, najua wote wanakuja. Miaka mitatu tumekwenda hivyo bila kelele.

Jumamosi usiku niliiacha kwenye chaji, waifai ya mpangaji wa juu inasoma. Sikumbuki kukubali chochote, labda ule ujumbe unaojitokeza kila siku niliubonyeza ili uniondokee machoni. Asubuhi naikuta yanikaribisha kama mgeni. Saa imebadilika sura, kitufe cha kupigia simu kimehama, mlio wa meseji si ule. Nikasema haya, mapambo.

Jumatatu ndipo nilipojua. Saa kumi na moja na dakika hamsini niko Mlaleo, mbele ya geti la buluu, napiga honi. Kimya. Napiga tena, kidogo kidogo, maana jirani pale ana mtoto mchanga. Nyuma watoto washaanza kugombania dirisha. Mama mtu akatoka na leso kichwani, simu mkononi, salamu hamna: "Baba, si nimekuandikia tangu jana saa nne usiku kwamba anaumwa na tumbo?" Nikamwambia wallahi sijaona kitu. Akanigeuzia skrini yake. Meseji ipo, tiki moja. Nikaitoa yangu mfukoni, nikaifungua mbele yake, nikagusa WhatsApp: kri, kri, kri, meseji saba kwa mkupuo, na kwenye simu yake tiki ya pili ikatokea tukiitazama sote wawili. Akaangalia simu, akaniangalia mie, akarudi ndani. Heri angenitukana.

Tena si hilo tu. Betri nilikuwa nikifika nayo magharibi, sasa saa sita mchana iko ishirini. Ikiwa juu ya dashibodi inachoma kama kaango. Na kuandika ndiyo balaa: nikiandika "sawa" inanibadilishia kuwa neno la Kizungu, mjukuu akaniambia maana yake msumeno. Mzazi ananiarifu mtoto atachelewa, mie namjibu msumeno.

Fundi mmoja Mwembe Tayari ameniambia atanirudishia programu ya zamani kwa 1,500, ila kila kitu kitafutika. Picha za mjukuu zote zimo humo. Nikubali?

Gari nikilipeleka kubadilishwa oili sirudishiwi gia zimegeuzwa. Hawa wa simu nani amewapa ruhusa?

mzee_wa_kijiti

Makusudi hayo, ndugu yangu. Wanaichosha simu ukanunue nyingine. Usidhani ni porojo za barazani: Desemba 2017 Apple wenyewe walikiri kwamba sasisho lao lilikuwa likizipunguza kasi iPhone zenye betri zilizochoka. Mwaka uliofuata Italia ikawatoza faini ya euro milioni 10, na Samsung milioni 5, kwa mambo hayo hayo ya masasisho. Mie nina mulika mwizi yangu, nachaji Ijumaa mpaka Ijumaa. Hainikaribishi, hainiagi.

fundi_bondeni

Ami DerevaWaAlfajiri, shikamoo. Usimpe mtu 1,500.

Kurudi nyuma si kama kurudisha gari rivasi. Tangu Android 8, mwaka 2017, kuna kinga inayoiwezesha simu kukataa programu iliyo ya zamani kuliko ile iliyomo. Fundi akilazimisha, yaweza isiwake tena. Hapa mezani kwangu nimeletewa za namna hiyo, zimefungwa kwenye gazeti kama samaki, na mwenyewe ananiambia "ilikuwa nzima jana". Na picha za mjukuu zihamishe leo leo, uapdeti usiapdeti.

Sasa meseji. Tangu Android 6, mwaka 2015, simu ikilala mezani bila kuguswa, skrini imezimwa na haiko kwenye chaji, programu hunyimwa mtandao, zinafunguliwa mlango kwa vipindi tu. Meseji kama za WhatsApp zina ruhusa ya kupenya. Lakini watengenezaji wengi huongeza ukali wao juu ya hapo ili waseme betri yao inadumu, na sasisho kubwa laweza kukurudishia mipangilio ilivyokuwa dukani. Inaelekea WhatsApp yako ilikuwa imeruhusiwa, pengine na aliyekuuzia, na apdeti ikafuta ruhusa. Kwa hiyo: ingia mipangilio, tafuta programu, gusa WhatsApp, kisha betri, uiache ifanye kazi bila kizuizi. Hapo hapo angalia kama data ya chinichini imeruhusiwa. Halafu rudi kwenye ukurasa wa betri wenyewe, simu nyingi zina orodha ya programu zilizolazwa usingizi. Hiyo orodha ndiyo watu huisahau. WhatsApp itoe humo, zima simu, washa.

Betri nayo ipe siku tatu nne. Baada ya sasisho kubwa simu hupanga upya kila programu na kupitia picha zako zote, kazi hiyo inakula moto. Wiki ikipita bado, nijulishe, tutazame nani anakula.

Ila ami, kwenye dashibodi hapo sasisho halina kosa. Apple wanaandika iPhone itumike penye joto lisilozidi nyuzi 35, na hizi nyingine si chuma cha pua. Gari limesimama juani na vioo juu, hapa Mombasa, unafika huko kabla ya saa nne.

Msumeno ni wa kibodi. Gboard, kibodi ya Google, ina Kiswahili, iongeze kwenye lugha zake, na usahihishaji wa kujiendea uzime.

Mzee wa kijiti, uliyosema ya 2017 ni kweli, ila malizia. Betri kuukuu ikiombwa nguvu nyingi kwa ghafla, simu hujizima. Ndiyo wakaipunguza kasi. Dhambi yao ni kukaa kimya, watu wakanunua simu mpya ilhali walihitaji betri tu. Na kutoapdeti kabisa si dawa. Mwaka 2015 kwenye Android lilipatikana tundu lililoitwa Stagefright, ujumbe mmoja wa video ulitosha kumpa mwizi njia. Baada ya hapo ndipo Google wakaanza kutoa viraka kila mwezi. Simu yenye M-Pesa yako usiiache bila viraka.

mzee_wa_kijiti

Wa kwenye mulika mwizi simuogopi. Video yenyewe haifunguki.

Likoni_kwetu

Mie ilininyamazishia kengele. Nina zamu bandarini ya saa moja asubuhi, nikaamka saa moja na dakika kumi, na feri bado. Nilifika hata msimamizi hakuuliza, alicheka tu. Fundi, saa nayo niitoe kwenye hiyo orodha ya usingizi?

fundi_bondeni

Itoe. Na tazama ile ya "usisumbue", yawezekana imewashwa kwa saa za usiku na kengele haikuachiwa nafasi. Leo ijaribu kwa kuiwekea dakika kumi mbele, simu imelala, usiishike. Usisubiri alfajiri ndiyo ujue.

MamaMapacha

Naongea kama mzazi. Dereva hana kosa, lakini sie nasi tumezidi. Mtoto haji shule, unaandika meseji saa nne usiku, unageukia ukuta unalala. Tiki moja umeiona! Piga simu mwanamke mwenzangu. Wangu wawili wakiumwa napiga, asiposhika nampigia utingo.

DerevaWaAlfajiri

Fundi mwanangu, Mungu akuweke. Nimesubiri wiki ndipo nije na habari kamili.

WhatsApp niliikuta kwenye orodha ya waliolala, kama ulivyosema. Pamoja nayo programu ya adhana, na ya benki. Yaani simu ilikuwa imelaza kila kinachoniamsha, ikauacha macho mchezo wa mjukuu wa kupasua matunda. Nimewatoa wote, matunda nimeyalaza. Usiku ule nikamwambia mke wangu aniandikie yuko chumba cha pili, simu yangu iko mezani nimeikalisha nusu saa bila kuigusa. Ikalia. Akaandika tena "umelala?", ikalia. Wa tatu nilimwambia basi.

Betri jana saa kumi jioni ilikuwa 41. Si kama zamani, ila naweza kuishi nayo. Dashibodi nimeihama, simu sasa inakaa kwenye mfuko wa mlango na kitambaa juu. Picha za mjukuu mpwa wangu amezihamisha zote, 612, nusu yake ni kidole.

Mama mapacha, utingo sina, hilo ni gari la watoto si matatu ya Bamburi. Lakini maneno yako nimeyapeleka kwenye kundi la wazazi bila kutaja nimeyatoa wapi. Kwenye kundi hilo hilo sasa hakuna anayeandika sawa. Nikisema nimefika getini wananijibu "msumeno, dereva", mpaka baba mmoja mtu mzima, wakili.

Yule mama wa Mlaleo ndiye hajarudi kuniamini. Nimemweleza orodha, usingizi, kila kitu, ananiitikia "haya baba". Haandiki tena. Hupiga simu saa kumi na robo alfajiri, hata siku ambayo mtoto anakuja.