Barabara ya zahanati yetu ni ya nani, kaunti au serikali kuu? Naomba ushauri

Hamjambo wenzangu. Naomba mwongozo kwa wanaoelewa mambo ya ugatuzi (kugawana kazi kati ya serikali kuu na kaunti) hapa Kenya.

Zahanati ya kijijini kwetu ina muuguzi na dawa, lakini mvua ikinyesha barabara ya kuifikia haipitiki. Akina mama wajawazito hubebwa kwa bodaboda, nao wakikwama kwenye tope hushuka wakatembea. Inaniuma sana.

Najua Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti zahanati, vituo vya afya, chekechea, masoko na barabara za kaunti. Serikali kuu ikabaki na barabara kuu za kitaifa na hospitali za rufaa za kitaifa. Shida ni hiyo barabara yenyewe. Msimamizi wa wadi alinituma kwa idara ya barabara ya kaunti, huko nikaambiwa ni ya shirika la serikali kuu, na shirika nalo likanirudisha kaunti. MCA wetu, yaani mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, anasema atafuatilia. Kwenye kikao cha maoni ya bajeti tuliitaja, ila haikuingia kwenye makadirio.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, nitapata wapi ithibati ya maandishi kuhusu anayeimiliki barabara hii; je, niombe kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016? Pili, kwa aliyewahi kuwasilisha ombi la wananchi kwa karani wa bunge la kaunti: liliandikwaje, na sahihi za wanakijiji zilisaidia?

Asanteni sana.