Baiskeli ya mbio ya kwanza: alumini mpya au kaboni ya mtumba?

Kinyonga wa Limuru: Ndugu wapendwa, nimeamua kuingia mashindano ya barabarani mwaka huu. Dukani kuna baiskeli mpya ya alumini, na kuna mtu anayeniuzia ya kaboni iliyotumika kwa bei inayokaribiana nayo. Je, ipi inamfaa anayeanza?

Fundi wa Kikuyu: Karibu sana, ila hujataja urefu wako, saizi za fremu hizo wala bajeti yako. Fremu isiyolingana na mwili wako itakuumiza magoti na mgongo, iwe ya alumini au ya kaboni.

Mteremko: Chukua alumini. Niliwahi kununua kaboni ya mtumba iliyopakwa rangi upya, ikang'aa kama iliyotoka kiwandani. Baada ya muda ikaanza kutoa mlio kila nilipokanyaga pedali kwa nguvu mlimani. Fundi alibadilisha beringi za ekseli ya pedali, akakaza kila skrubu, lakini mlio haukuisha, mpaka alipokwangua rangi chini ya fremu akakuta ufa uliozibwa kwa gundi. Aliyeniuzia hakupokea simu zangu tena, na fremu hiyo sikuthubutu kuipanda, kwa sababu kaboni yenye ufa inaweza kukatika ghafla ukiwa kwenye mwendo mkali.

Mwalimu Pedali: Pole sana, ndugu, lakini si kila kaboni ya mtumba ni mbovu; mpeleke fundi aikague kabla ya kulipa. Hata hivyo, uzito wa alumini usikutie wasiwasi. Kwenye tambarare adui mkubwa ni upepo, na anayejua kukaa nyuma ya gurudumu la mwenzake huokoa nguvu nyingi kuliko anayenunua fremu nyepesi. Tafuta klabu kwanza. Hata Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara 4, alifundishwa na mwendesha baiskeli wa Kenya, David Kinjah, huko Kikuyu.

Fundi wa Kikuyu: Naunga mkono, lakini breki nazo hazijazungumziwa. Kwa anayeshuka kuelekea Mai Mahiu wakati wa mvua, breki za diski, zinazobana kisahani katikati ya gurudumu, ni salama zaidi.

Mteremko: Sikubaliani. Breki za rimu, zinazobana ukingo wa gurudumu, ni rahisi kutengeneza, na raba zake hupatikana kwa urahisi.

Fundi wa Kikuyu: Raba hizo hizo zikilowa huchelewa kushika, na huko malori hayakusubiri.

Kinyonga wa Limuru: Asanteni. Nina urefu wa sentimita 172, na bajeti ni shilingi 110,000. Ya kaboni ni saizi 56, ya alumini ni 54, na zote zina breki za rimu.

Mwalimu Pedali: Kwa urefu huo, 56 huenda ikakuzidi. Bajeti hiyo ni pamoja na kofia ngumu, viatu na pedali za kufunga, yaani zinazoshika kiatu?

Dada wa Ngong: Tena, gia za alumini hiyo zikoje? Kwa milima ya huko kwenu, uliza kama gia yake ndogo ya mbele ina meno 34 na ile kubwa ya nyuma angalau 28, ili kukanyaga kuwe kwepesi.