Tupeane uzoefu: mfumo wa serikali ulipofika ofisini kwenu, karatasi ziliisha?

Wakuu, naomba tuongee sisi tuliokaa dirishani kuhudumia wananchi. Mwaka 2003 Richard Heeks wa Chuo Kikuu cha Manchester alikadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, asilimia 35 ya miradi ya serikali mtandao ilianguka kabisa, 50 ilianguka kwa sehemu, na 15 tu ndiyo iliyofanikiwa. Mimi nimeishi ndani ya ile 50. Tuliletewa mfumo wa kusajili vizazi, kompyuta mpya, mafunzo ya siku mbili. Sheria haikuguswa: iliendelea kudai rejesta ya mkono yenye saini ya msajili. Kwa hiyo kila mtoto tukamwandika mara mbili. Foleni ikarefuka, wananchi wakatulaumu, na walikuwa na haki. Nafuu ilikuja kifungu kile kilipobadilishwa, miaka mitatu baadaye. Nyie je?

Jibu la 1
Kwetu ni mifumo kutosomana. Mwananchi anachapisha cheti kutoka idara moja, ananiletea mkononi, nami nakichapa upya kwenye mfumo wetu. Estonia walianza kutumia X-Road, mfumo wa kuunganisha taasisi, mwaka 2001 kwa ajili ya hilihili: kila taasisi inabaki na kanzidata yake, zinaulizana mtandaoni. Sisi tulipojaribu kuunganisha idara mbili tu, mafundi walimaliza kazi yao mapema. Wakubwa ndio waliokaa vikao tisa wakibishana taarifa ni za nani.

Jibu la 2
Nilisajili wazee wa pensheni kwa alama za vidole. Mkono ulioshika jembe miaka hamsini, mashine haiuoni. Hata India, ambako Aadhaar, mfumo wao wa utambulisho unaotumia alama za vidole, imesajili watu zaidi ya bilioni 1, wapo waliokosa mgao wa chakula kwa sababu hiyohiyo. Bibi mmoja alirudi kwangu mara nne. Namfahamu kwa sura na kwa jina, lakini mfumo haukunipa pa kuandika hivyo. Inaniuma mpaka leo.

Jibu la 3
Mfadhili aliondoka, leseni ya programu ikaisha, tukarudi kwenye majalada. Kabla hamjapokea mfumo, ulizeni nani atalipia mwaka wa nne.

Mwanzisha mada
Jibu la 2, yule bibi alilipwa?

Jibu la 2
Alilipwa, baada ya miezi saba. Waliruhusu fomu ya karatasi yenye saini ya msimamizi. Nilimjazia mwenyewe.