Naomba ushauri: ibada ya nyumbani imegeuka kikao cha kumsema mtoto
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mume wangu analipenda Neno, na ibada ya jioni ndiye aliyeianzisha. Kwa hilo namshukuru Mungu sana. Shida ni kijana wetu wa miaka 14. Akikosea mchana, jioni anasomewa Waefeso 6:1, "Enyi watoto, watiini wazazi wenu", kisha hata maombi yanakuwa ya kumsema. Mtoto anainama, anakunjakunja kona ya Biblia, "Amina" haimtoki. Mstari wa 4 unawakataza akina baba kuwachokoza watoto, na Wakolosai 3:21 inaongeza: wasije wakakata tamaa. Hicho ndicho ninachokiogopa. Nimwambieje mume wangu bila kumvunjia heshima? Mliopitia hili, mlianzia wapi?